Amepata divisheni sifuri kidato cha pili na wanaomfuata wana mtaala mpya: akariri, aende amali au nimhamishe?

MamdogoKahama

Habari za jioni wakuu. Naomba mwenye kufundisha sekondari anisaidie, maana mtaani kila ninayemuuliza ananijibu la kwake, na mafundi wenzangu hapa kibarazani wameshagawanyika kama Simba na Yanga.

Nina kijana wa miaka 16, mtoto wa marehemu dada yangu. Aliingia kidato cha kwanza Januari 2024 kwenye shule ya kata. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili wa 2025 yametoka, ana D moja ya Kiswahili, kwingine kote F. Mkuu wa shule kaniita ofisini, kanionyesha, kaniambia mtoto atakariri darasa. Sikubishana naye. D moja ni D moja.

Kijana mwenyewe habishi kukariri. Kinachomtoa machozi ni kingine. Ananiambia, "Mamdogo, wale nitakaokaa nao hawasomi nilichosoma mimi." Nikaenda kwa jirani ambaye binti yake ndiye anaingia kidato cha pili mwaka huu, nikaazima madaftari yake, nikayapanga mezani pamoja na ya kijana. Binti ana daftari la Historia ya Tanzania na Maadili, ana la Elimu ya Biashara. Wangu hana. Wangu ana Uraia, binti hana. Hata yale masomo yenye jina moja, mada zimepangwa vingine. Sasa huyu anakariri nini? Kukariri si kurudia ulichokwisha soma?

Mjomba wake anasema mpeleke amali, ule mkondo wa sekondari wa kusomea fani, huko ndiko wanakopelekwa wasioweza darasani. Rafiki yangu anasema uza cherehani moja umpeleke shule binafsi Shinyanga mjini. Mimi mwenyewe sielewi. Mtoto huyu si mjinga. Anakaa na mimi kibandani baada ya shule, mteja akileta oda ya sare anapiga hesabu ya kitambaa kichwani, mita na bei, kabla sijashika kalamu. Hisabati kapata F.

Na la mwisho: nilisikia redioni elimu ya lazima sasa ni miaka kumi. Kama ni lazima, mbona naambiwa akifeli tena mwaka huu anatoka shule?

Mtu_wa_Tandika

Private mama. Shule za kata ni kupoteza muda tu.

Chaki_Nyeupe

Dada, kama umenizidi umri shikamoo. Na pole. Nafundisha Hisabati shule ya kata, si mkoa wako ila si mbali, na Januari hii darasani kwangu wamo wa aina ya kijana wako, wamekaa nyuma, madaftari yamefungwa. Alichokuambia ni kweli tupu.

Mtaala mpya haukuingia shule zote na madarasa yote siku moja. Januari 2024 ulianza na awali, darasa la kwanza, darasa la tatu, na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali peke yake. Kidato cha kwanza cha mkondo wa jumla kikangoja hadi Januari 2025. Kijana wako kaingia 2024, mkondo wa jumla. Maana yake yeye ni kundi la mwisho kabisa la mtaala wa zamani, na waliomfuata kwa mwaka mmoja ni kundi la kwanza la mtaala mpya. Mpaka umepita katikati ya hayo madarasa mawili.

Wenzake waliopata D mbili, zinazotosha kuvuka, wanaendelea na mtaala wao ule ule hadi mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027, hawaguswi. Na D inaanzia alama 30. Kwa hiyo kama kwenye Jiografia alipata 29, alama moja ndiyo imemtoa mtaala mmoja ikamtia mwingine. Kufeli zamani kulimgharimu mtoto mwaka. Miaka hii miwili mitatu kunamgharimu mwaka na msingi wa kidato cha kwanza, kwa sababu kidato cha kwanza alichosoma yeye si kile wanachoendelea nacho wenzake wapya.

Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia watu wanabishana mtaala mpya mzuri au mbaya. Mimi naona ni mzuri kuliko ule. Lakini waliopanga ratiba ya kuuingiza walimpanga mtoto anayepanda darasa kila Januari. Huyo hasumbuki. Anayebaki ndiye anaangukia katikati, na anayebaki ndiye alikuwa dhaifu tangu mwanzo. Sera yenyewe, ile ya 2014 Toleo la 2023, inazungumza vizuri sana juu ya ujuzi na kutomwacha mtoto nyuma. Ukija kwetu ofisini kuuliza wanaokariri mwaka huu wanafidiwaje masomo ya kidato cha kwanza ambayo hawakuyasoma, utaambiwa "walimu wa masomo waangalie."

Basi tumeangalia. Hapa kwetu tumefanya hivi: wanaokariri wanapewa vitabu vya kidato cha kwanza vya yale masomo mapya wakae navyo nyumbani, na jioni mbili kwa wiki mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili anapitia nao mada za mwaka jana kwa ufupi. Bila mchango wa hela, maana michango ya lazima imekatazwa tangu elimu bila ada ianze 2016, na mzazi wa mtoto anayekariri mara nyingi ndiye hana. Ombeni hilo hilo shuleni kwenu. Usiombe kwa mkuu wa shule, atakuambia sawa na litaishia hapo. Muone mwalimu wa taaluma.

Na hilo somo la Historia ya Tanzania na Maadili usiliogope. Linafundishwa kwa Kiswahili, na mtihani wake ni kwa Kiswahili. Kijana wako somo pekee alilofaulu ni Kiswahili. D ya pili anayoitafuta ipo hapo, nakuhakikishia, akilisoma. Huyu mtaala mpya umemuonea kwa upande mmoja na kumsaidia kwa mwingine, ila hakuna atakayemwambia hivyo asipoambiwa na wewe.

Sasa Hisabati. Umesema anapiga hesabu za kitambaa kichwani. Nakuamini kabisa. Kijana wako kasoma miaka saba kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kilikuwa somo tu tena kuanzia darasa la tatu, halafu Januari moja masomo yote yakageuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili. Kuna ile kozi ya wiki chache mwanzoni mwa kidato cha kwanza ya kuwazoesha Kiingereza. Shule nyingine inafanyika, nyingine walimu hawatoshi, inapita. Nilikuwa na binti alinipa karatasi tupu kwenye swali la asilimia. Nikamsomea lile swali kwa Kiswahili, akanijibu huku anafunga begi. Toleo la 2023 limeacha jambo hili pale pale lilipokuwa: Kiswahili msingi, Kiingereza sekondari. Wanachobadilisha ni kwamba watoto wa sasa wanaanza kukisoma Kiingereza darasa la kwanza. Wa kwako hilo limemkuta yuko sekondari.

Unachoweza kufanya wewe hapo kibandani: mwambie akishapiga hesabu ya oda aiandike kwenye daftari kwa Kiingereza. Mita ngapi, bei gani, faida asilimia ngapi. Elimu ya Biashara ya kidato cha kwanza na cha pili inagusa hayo hayo, mauzo, gharama, kumbukumbu za hesabu. Ana duka mbele yake, wenzake wanasoma picha ya duka kitabuni.

Mjomba akome kusema amali ni ya wasioweza. Amali anaanza upya kidato cha kwanza, kwanza kama shule yenye mkondo huo ipo karibu, na huko ana fani yake pamoja na Hisabati, Kiingereza, Elimu ya Biashara na hiyo Historia ya Tanzania na Maadili. Kiingereza hajakikimbia. Kama anapenda ushonaji au umeme kwa moyo wake, sawa, lakini iwe kwa kupenda. Tukishaifanya amali kuwa jalala la sifuri tumeiua kabla haijakua, na tumewatukana waliochagua kwenda.

Mtu_wa_Tandika

Mwalimu umeandika vizuri ila hujagusa private.

Chaki_Nyeupe

Naigusa sasa, mkuu.

Dada akienda na matokeo yale, shule nyingi nzuri hazitampokea kidato cha tatu, hazina ruhusa hiyo. Zitampokea kidato cha pili, mtaala ule ule mpya, ada juu. Halafu kuna suala la wastani. Shule inajiwekea wastani wake, tuseme 50, asiyefika anaambiwa akariri au mzazi anaitwa kimya kimya kuchukua uhamisho. Wizara ilishapiga marufuku jambo hilo, na bado wazazi wanaitwa. Mtoto mwenye F nane ndiye wa kwanza kuitwa kabla ya usajili wa mtihani wa taifa, ili jina lake lisiharibu matokeo ya shule.

Na tusidhani ni private peke yao. Mimi nilikuwa kazini wakati wa Matokeo Makubwa Sasa, ule mpango wa serikali ulioanza 2013. Shule za msingi zikapangwa kwa matokeo, ya kwanza hadi ya mwisho, na kila mtu akajua ya nani iko mkiani. Watafiti wa uchumi, Cilliers, Mbiti na Zeitlin, walifuatilia takwimu zile baadaye. Walikuta shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao ziliongeza kiwango cha kufaulu. Walikuta pia zilipunguza idadi ya watoto wanaofika kwenye mtihani wa darasa la saba. Sisi tuliokuwepo hatukuhitaji kuambiwa waliopungua ni wepi. Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, waliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora, na mimi nilishangilia, wenzangu wengine wakanuna.

BabaKulwa

Nitoe ushuhuda wa upande wa msingi, maana huko kizungumkuti chake kinachekesha.

Binti yangu alikuwa darasa la nne 2024. Akafeli upimaji, akaambiwa arudie. Nikafoka sana nyumbani, mwaka mzima umepotea. Mke wangu akachukua kalamu akaniandikia kwenye karatasi ya sukari. Waliokuwa darasa la nne 2024 wanasoma mpaka la saba, watamaliza 2027. Waliokuwa darasa la tatu 2024 ndio wanaoanza utaratibu mpya wa kuishia la sita, nao watamaliza 2027. Binti yangu aliporudia la nne mwaka 2025 akaingia kwa hao wa la sita. Anamaliza mwaka ule ule na wenzake waliomwacha!

Kwa hiyo kwa karatasi hajapoteza hata siku. Lakini la tatu ya mtaala mpya hakuisoma, alisoma ya zamani, na sasa yuko la tano anakimbizwa amalize msingi kwa miaka miwili baada ya la nne, wakati wenzake wa zamani wamepewa mitatu. Mtoto aliyefeli kapewa muda mfupi kuliko waliofaulu. Mwalimu wake alipoligundua hilo alicheka, kisha akaniangalia akaacha kucheka.

Chaki_Nyeupe

BabaKulwa, mkeo angefaa kukaa kwenye kikao cha kupanga mihula.

Na umenikumbusha jambo la kumwambia dada. Hayo makundi mawili, la sita na la saba, yataingia sekondari pamoja Januari 2028. Kijana wake akikariri sasa na akapita, 2027 yuko kidato cha tatu, 2028 yuko cha nne. Mwaka wake wa mtihani ndio shule itakuwa imepokea kidato cha kwanza mara mbili, madarasa hayatoshi, walimu ni wale wale. Kwa hiyo kazi ya kumjenga ifanyike 2026 na 2027. Asingoje kambi ya kidato cha nne.

Hakuna_Mchujo

Mimi nauliza kitu kimoja. Kwa nini mtoto wa miaka 16 achujwe kabisa? Elimu ya lazima miaka kumi maana yake kidato cha nne. Futeni mchujo wa kidato cha pili, waende wote. Nchi nyingine wanaenda wote.

Chaki_Nyeupe

Tulishafuta, mkuu. Mwaka 2008 mchujo uliondolewa, ukarudishwa 2012. Waliopita kidato cha pili bila mchujo ndio hao waliofanya kidato cha nne 2012, na matokeo yalipotoka Februari 2013 zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata sifuri. Asilimia sitini hivi. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, Mei matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Nilikuwa chuoni, nakumbuka kimya cha bweni siku ile.

Sisemi mchujo ndiyo dawa. Mchujo uliporudi, watoto walewale waliotakiwa kufeli cha nne wakawa wanafelia cha pili, hapo ndipo tofauti ilipo. Aliyepandishwa bila kujua na aliyebakishwa bila kufundishwa wote wameachwa. Kinachonishinda ni kwamba tumebadilisha mchujo, tumebadilisha madaraja, tulikwenda GPA tukarudi divisheni, sasa mtaala, na katika yote hayo mwaka wa kukariri haujawahi kuwa na kitu chake. Hauna kipindi chake kwenye ratiba, hauna mwalimu wake. Mtoto anaambiwa kaa hapo tena.

Kuhusu swali la dada la miaka kumi: hiyo lazima inakuja na hao wa darasa la sita, kuanzia 2027 kwenda 2028. Wa kwake yuko kwenye utaratibu wa zamani kwa upande wa kutolewa, na kwenye utaratibu mpya kwa upande wa vitabu. Ndivyo ilivyo.

Geti_na_Madirisha

Mamdogo, mimi ndiye huyo anayefeli mara mbili. Nilitolewa kidato cha pili, nikaenda gereji, leo nina karakana yangu ya kuchomelea na vijana wanaonisaidia. Sisemi aache shule. Nakuambia nini kipo akitoka, ili usiishi na hofu mwaka mzima ukamtisha na mtoto.

Kuna mtihani wa maarifa, QT. Akiufaulu unahesabika kama kidato cha pili, halafu anajiandikisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimeshaoa, nasoma usiku. Vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima vipo mikoani, na siku hizi wana njia mbadala ya sekondari kwa walioachia katikati, hasa mabinti waliokatizwa masomo, nayo imesaidiwa na fungu la SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha sekondari. Na ule waraka wa 2021 wa kurudi shuleni watu wanaujua kwa habari ya mabinti waliojifungua, ila ulisema waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali. Uliza ofisi ya elimu wilaya, uulize kwa maandishi.

Jambo jingine. Usimwambie "soma usije ukawa fundi" huku anakula kwa mkono wa fundi. Baba yangu alikuwa ananiambia hivyo akiwa ameshika nyundo.

MamdogoKahama

Nimesoma yote, mengine nimemsomea kijana kwa sauti. Ya BabaKulwa kacheka, sikumuona anacheka tangu matokeo.

Mwalimu, leo nimemuona mwalimu wa taaluma kama ulivyosema. Mwanzo aliniambia vitabu vya kidato cha kwanza vinahesabiwa kwa wanafunzi waliopo, hawezi kumpa wa kidato cha pili. Nikamwambia basi niazime nikapige kopi mjini, nirudishe kesho. Akanyamaza, akaniuliza wanaokariri ni wangapi, kama vile mimi ndiye mwenye orodha. Mwisho kaitisha orodha, wamefika kumi na kitu, kasema atawaweka pamoja Jumatano jioni na mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili. Elimu ya Biashara mwalimu hawana, anayefundisha ni wa Jiografia.

Cherehani siuzi. Amali nimemuuliza mwenyewe, kasema ushonaji anaujua tayari, hataki kwenda kuanza kidato cha kwanza kusomea anachokifanya kila jioni. Anataka kumaliza na wenzake, hata kama ni hawa wapya.

Ninalobaki nalo ni moja. Mkuu wa shule kasema nilete taarifa zake zisahihishwe kwenye mfumo maana jina la cheti cha kuzaliwa na la shule ya msingi vinatofautiana herufi moja. Ni muhimu sasa hivi au nisubiri akifika kidato cha nne?

Chaki_Nyeupe

Sasa hivi, dada, wiki hii. Nenda na cheti cha kuzaliwa halisi na nakala, na namba yake ya PReM, ule mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi, ya shule ya msingi. Wanaokariri wanasajiliwa upya kwa upimaji wa mwaka huu. Likisubiri kidato cha nne utahangaishwa na viapo vya mahakamani. Na mwalimu wa Jiografia anayefundisha Biashara mwambie kijana ana kibanda cha cherehani. Atamhitaji kuliko anavyodhani.